Kukopa Shujaa si Kosa, Tusikope na Adui Wake

Juzi baada ya sala ya Isha nilikuwa nimeketi ukumbini kwa mamangu, kikombe cha kahawa mkononi, na mpwa wangu wa miaka 13 amejilaza kando yangu akitazama senema katika simu. Senema yenyewe ilikuwa ni Batman Begins, iliyotolewa mwaka 2005. Mamangu siku hizi macho yamempungukia, lakini masikio yangali ya ujana. Alikuwa kwenye kitanda chake cha kamba akivuta uradi. Ghafla vidole vikasita juu ya tasbihi.

"Huyo wamtaja nani?" akauliza.

"Ni adui wa Batman, Nyanya," kijana akajibu. "Aitwa Ras al Ghul."

"Rasi l'Ghuli?" mama akashangaa. "Huyo si ndiye aliyepigana na Sayyidna Ali? Amefikaje huko kwa makafiri?"

Kijana akaangua kicheko, akidhani nyanya yake amechanganya mambo. Lakini mama hakuwa amechanganya kitu. Akaiweka tasbihi chini akaanza kusimulia, kama alivyosikia naye utotoni kwa wakubwa zake waliokuwa wakisoma katika chuo kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu: habari ya mfalme dhalimu wa Yemeni, na vita walivyomwendea masahaba. Kijana akaizima simu akasikiliza. Mama alipomaliza, yule mtoto akanigeukia akauliza swali ambalo limeninyima usingizi hata nikaamua kuandika makala haya.

"Mjomba," akasema, "katika hadithi ya Nyanya, wema ni Waarabu na wabaya ni Waarabu. Mbona huku kwa Batman mwenye jina la kwetu ni yule mbaya peke yake?"

Msomaji mpenzi, sikuwa na jibu la haraka. Leo najaribu kulitoa.

Kwanza nimtoe mamangu makosani. Utenzi wa Rasi l'Ghuli ni miongoni mwa tenzi ndefu mno za pwani yetu. Ulitungwa na Mgeni bin Faqihi katika karne ya 19, una maelfu ya beti, na ulichapishwa kwa hati za Kirumi huko Dar es Salaam mwaka 1979. Ni katika zile hadithi za maghazi ambazo wanavyuoni hawazihesabu kuwa ni historia, bali watu wetu walizipenda na kuzisoma kizazi baada ya kizazi. Ama yule Ras al Ghul wa Batman, yeye alizaliwa katika kitabu cha picha huko Marekani mwaka 1971, kwa kalamu ya Dennis O'Neil na mkono wa mchoraji Neal Adams. Sidai kwamba mabwana hao waliujua utenzi wetu. Jina hilo, lenye maana ya kichwa cha zimwi, ni la Kiarabu tangu kale, na hata nyota ile Wazungu waiitayo Algol imelipata jina lake hapo hapo. Waliliokota jina kwa kuwa lina mshindo wa kutisha. Na katika senema ile ya 2005 aliyelivaa jina hilo ni Liam Neeson, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini. Basi jina ni letu, uso ni wa mwingine.

Ili tufahamu jambo hili limetoka wapi, yatupasa turudi nyuma kidogo hadi kwenye chimbuko la mashujaa hawa, ambao vijana wetu huwaona kana kwamba wameshuka jana kutoka mawinguni.

Mnamo mwaka 1896 mchapishaji mmoja wa New York aitwaye Frank Munsey alianza kulichapa gazeti lake, The Argosy, kwa karatasi duni kabisa, ile itengenezwayo kwa mti uliopondwa ukawa kama uji. Karatasi hiyo ilikuwa ya manjano, yenye kuparara, na haikudumu. Lakini ilikuwa rahisi, na kwa senti 10 hivi mfanyakazi wa kiwandani aliweza kununua hadithi za kumtosha juma zima. Wengine wakamfuata, na kwa muda wa miaka 50 magazeti hayo ya karatasi duni yalikuwa ndiyo senema ya maskini.

Humo ndimo walimozaliwa wakubwa wote. Mwaka 1912 Edgar Rice Burroughs alimtoa Tarzan katika gazeti la The All-Story. Mwaka 1919 Johnston McCulley alimtoa Zorro, bwana tajiri wa California ya zama za Wahispania, ambaye mchana hujifanya mvivu asiyejiweza, na usiku huvaa kinyago akawatetea wanyonge. Mwaka 1931 likatoka gazeti la The Shadow, shujaa wa gizani, ambaye Walter Gibson peke yake alimwandikia hadithi 282. Mwaka 1933 akafuata Doc Savage, mtu wa shaba, mwenye nguvu na elimu kupita kiasi, na mwenye ngome yake ya upweke huko kwenye barafu ya kaskazini.

Sasa tazama jinsi hawa walivyozaa. Doc Savage jina lake la kwanza ni Clark. Superman, aliyetokea mwaka 1938, naye kwa watu aitwa Clark, akaitwa mtu wa chuma, na baadaye akapewa ngome ya upweke, nayo katika barafu! Batman alitokea mwaka 1939, na mwandishi wake Bill Finger alikiri mwenyewe kwamba hadithi ya kwanza aliichota katika hadithi ya The Shadow. Tajiri mvivu wa mchana, mwenye kinyago usiku: huyo ni Zorro amehamia mjini. Naye Indiana Jones wa mwaka 1981, na kofia yake na mjeledi wake, ni mtoto halali wa magazeti yale yale na senema fupi fupi zilizoyafuata.

Naomba nisieleweke vibaya. Simwiti mtu mwizi. Hadithi haina hatimiliki ya milele, na tangu dunia kuumbwa wasimulizi wamekuwa wakikopana. Tena tukianza kudaiana madeni, huenda sisi watu wa upande huu tukawa ndio wadai wakubwa.

Mzee yeyote wa pwani aliyepata kusikia au kusoma Alfu Lela Ulela amjua khalifa Harun Rashid, aliyetawala Baghdad tangu 786 hadi 809. Katika hadithi zile, usiku ukiingia Harun huvua mavazi ya ufalme, akavaa ya mfanyabiashara, akatoka na waziri wake Jaafar na mlinzi wake Masrur kwenda kusikiliza vilio vya raia. Mkubwa aliyejificha, atembeaye usiku ili kupata kujua nani kadhulumiwa: je, si mwanzo wa Zorro huo? Hadithi hizo zilianza kutafsiriwa kwa Kifaransa na Antoine Galland mwaka 1704, zikaienea Ulaya nzima. Mwaka 1882 Robert Louis Stevenson, mwandishi mashuhuri wa Uskochi, alitoa kitabu akakiita wazi wazi Alfu Lela Mpya, ambamo mwana wa mfalme ajigeuza mavazi na kuzunguka usiku katika mitaa ya London. Hakuficha alikokopa. Tena ile hila ya magazeti ya kuikata hadithi palipo patamu ili mnunuzi arudi juma lijalo, nani aliifanya kabla ya Shahrazad, aliyeikata hadithi alfajiri ili shingo yake isikatwe?

Hata hadithi ya upelelezi imo humo. Katika kisa cha matofaa matatu, maiti ya mwanamke yapatikana sandukuni katika mto Tigris, na Harun amwamuru Jaafar amlete muuaji kwa siku tatu, la sivyo atauawa yeye. Ama Jaafar alikuwa mpelelezi dhaifu! Alikwenda nyumbani kwake akakaa kitako siku zote tatu akimngoja Mola amfungulie njia. Na njia ikafunguka.

Basi tumekubaliana kwamba kukopa shujaa si kosa. Kosa liko wapi? Liko katika kile kinachokuja pamoja na shujaa kwenye mkoba wake. Kila shujaa huhitaji adui, na wale waandishi wa magazeti ya senti 10, waliolipwa kwa hesabu ya maneno na kuandika usiku na mchana, hawakuwa na nafasi ya kumtafiti adui. Walimchukua yule ambaye msomaji wao alikwisha kufundishwa kumwogopa. Kwa hiyo tukampata Mchina mwenye hila, Mwafrika mla watu, na Mwarabu mwenye kilemba, jambia na msafara wa watumwa.

Mfano ulio karibu nasi kabisa ni Tarzan. Burroughs hakupata kukanyaga Afrika maishani mwake. Katika hadithi ya kwanza kama ilivyotoka gazetini mwaka 1912 alimweka chui-milia wa Bara Hindi katika msitu wa Afrika, na ilibidi abadilishwe awe simba jike kabla ya kitabu kutoka mwaka 1914. Watu waaminifu wa Tarzan, mashujaa weusi wamtumikiao, aliwaita Waziri. Naam, Waziri! Neno ambalo kwetu ni mtu mwenye wizara, gari na dereva, kwake ni jina la kabila la msituni. Na adui je? Katika kitabu chake kuhusu vito vya mji wa Opar, adui ni Achmet Zek, Mwarabu mnyang'anyi. Katika Mwana wa Tarzan yuko Sheikh aliyemwiba mtoto wa Kizungu na kumtesa. Chui-milia alisahihishwa kwa sababu wasomaji walijua kwamba Afrika hakuna chui-milia. Achmet Zek hakusahihishwa, kwa kuwa katika wasomaji wale hakukuwa na Achmet hata mmoja wa kuinua mkono.

Hapa msomaji muadilifu ataniuliza: je, biashara ya utumwa haikuwako? Ilikuwako. Pwani yetu iliijua, na walioshiriki walikuwamo Waarabu, Waswahili na wengineo, na si haki kuifunika kawa. Lakini kuandika kwamba watu fulani walifanya uovu ni jambo moja, na kuandika kwamba kila mwenye kilemba ni mwovu kwa kuwa ana kilemba ni jambo jingine. La kwanza ni historia. La pili ni uvivu, na uvivu ukirudiwa miaka 100 wageuka kuwa imani.

Nami sitajitoa. Nakumbuka nilipokuwa kijana tulikwenda kuitazama ile senema ya kwanza ya Indiana Jones katika ukumbi mmoja wa hapa Mombasa. Kuna mahali ambapo shujaa yuko sokoni Cairo. Umati wajitenga, na hapo atokea jibaba la joho jeusi akiuzungusha upanga wake kwa madaha, akicheka. Indiana Jones amtazama kama mtu aliyechoka, achomoa bastola, ampiga risasi moja. Basi. Ukumbi mzima tulipasuka kwa vicheko. Tulipiga miluzi, tulipiga makofi. Na nani tuliokuwamo ukumbini? Akina Ali, akina Omari, akina Salim, baadhi yetu na kofia zetu za viua kichwani. Wachezaji walipangiwa pigano refu la upanga na mjeledi, lakini Harrison Ford alikuwa mgonjwa wa tumbo siku ile, akapendekeza wafupishe. Na aliyekuwa ndani ya joho alikuwa Muingereza, kama vile yule Sallah, Mmisri mwema rafiki wa shujaa, alivyochezwa na mtu wa Wales. Hayo niliyajua baadaye sana. Siku ile nilijua jambo moja tu: stelingi hafi, na yule mwingine hana hata jina.

Hilo ndilo lililonishtua katika swali la mpwa wangu. Yeye ana miaka 13 na aliliona lile ambalo mimi, nilipokuwa mkubwa kumpita, nililipigia makofi.

Asidhani mtu kwamba huo ni mfano mmoja tu. Mwaka 2001 Jack Shaheen, Mmarekani mwenye asili ya Lebanon, alitoa kitabu baada ya kuzipitia senema zaidi ya 900 zenye Waarabu ndani yake. Zilizowaonyesha kwa wema zilikuwa chache mno, za kuhesabika kwa dakika moja. Mtu akitukanwa mara moja aweza kupuuza. Akitukanwa mara 900, tena kwa picha nzuri na muziki mtamu, na yeye mwenyewe amelipa kiingilio, hana budi kujiuliza.

Kuna makundi mawili ambayo yatanipinga. Kundi la kwanza litasema: hizi ni hadithi tu, ni mchezo, mbona wazitia uzito? Hao nawajibu kwa swali moja. Kama hadithi ni mchezo tu, kwa nini wazee wetu waliketi usiku kucha wakisomeana tenzi? Walijua kwamba mtoto hajifunzi ushujaa kwa kuhutubiwa, bali kwa kumpenda mtu wa hadithini na kutamani kuwa kama yeye. Na ajifunzavyo kupenda, ndivyo ajifunzavyo kuchukia.

Kundi la pili ni la wacha Mungu wenzangu ambao watasema: tupa zote, vitabu na senema, ni upuuzi uwapotezao vijana na sala zao. Nawaheshimu, na ni kweli kwamba kuna uchafu mwingi humo. Lakini tukimnyang'anya mtoto hadithi bila ya kumpa nyingine, hatabaki mtupu. Ataitafuta kwa siri, na ile ya siri hatutakuwapo kumjibu maswali yake. Kama mpwa wangu angeitazama senema ile chini ya shuka, nyanya yake asingelisikia jina la Rasi l'Ghuli, wala yeye asingeliuliza.

Nionavyo mimi, njia iko katikati, tena ilikwisha kufyekwa na mwenzetu. Mwaka 1960 kilitoka kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoandikwa na Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, na kilichokuwa kimeshinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958. Humo ndimo alimotokea Bwana Msa. Kila ajuaye Sherlock Holmes aliona mara moja alikokopwa: kiko mdomoni, macho makali, na rafiki wa kumstaajabia, ambaye ni Najum. Lakini Abdulla hakukopa kama mtu akopaye shati la jirani akalivaa na jasho lake. Alikopa kiunzi, nyama na damu akatia zake.

Mtu auawa penye mzimu wa watu wa kale, na watu wako tayari kusadiki kwamba ni kazi ya mizimu. Bwana Msa hasadiki. Atazama, auliza, apima, hata ukweli watoka: aliyeua ni binadamu kwa sababu za kibinadamu. Katika Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 ni vivyo hivyo, yaani penye uvumi wa wanga yeye atafuta mkono wa mtu. Na katika hadithi hizo aliyeuawa ni wa kwetu, aliyeua ni wa kwetu, inspekta ni wa kwetu na mpelelezi ni wa kwetu. Hakuna awaye mwovu kwa sababu ya kilemba chake, kwa kuwa wenye vilemba wako pande zote. Hata mwaka 1984 Abdulla alitoa kitabu akakiita Kosa la Bwana Msa, kana kwamba atukumbusha kwamba asiyekosa ni Mungu peke yake. Superman hajapata kuandikiwa heshima kama hiyo.

Jambo hilo ndilo alilolinena mpwa wangu kwa lugha ya kitoto kuhusu utenzi. Si vibaya kwamba Rasi l'Ghuli ni adui, alikuwa adui tangu kwa Mgeni bin Faqihi. Vibaya ni awe yeye peke yake ndiye mjumbe wetu katika hadithi.

Wengine nao walijaribu. Miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970 vijana wa Nairobi na Mombasa walimgombania Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia na biri, katika vijitabu vya picha vilivyotolewa na wenye gazeti la Drum. Huko Tanzania, Elvis Musiba alimtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, naye Ben Mtobwa akamtoa Joram Kiango, na katika visa vyao maadui walikuwa ni makaburu wa Afrika Kusini na vibaraka wao. Hao walitokana na James Bond kama Bwana Msa alivyotokana na Holmes. Pombe na wanawake vilizidi, nami singempa kijana wangu vyote asome, lakini angalau walijichagulia adui wao wenyewe.

Hata huko ng'ambo mambo yameanza kugeuka, na haki yataka tulisema hilo. Senema ya Tarzan ya mwaka 2016 imemfanya adui kuwa mjumbe wa mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeifanya Kongo kuwa shamba lake la damu. Imemtia pia George Washington Williams, Mmarekani mweusi ambaye kwa kweli alimwandikia Leopold barua ya wazi mwaka 1890 akiufichua udhalimu ule. Lakini mwokozi bado ni bwana mkubwa wa Kiingereza. Black Panther, aliyechorwa mara ya kwanza mwaka 1966, alitengenezewa senema mwaka 2018, na binti yetu Lupita Nyong'o alikuwamo. Humo mfalme wa msituni hakuokotwa na nyani, alizaliwa mfalme na kusomeshwa.

Kwa Waislamu kuna mifano miwili ya kufikiri. Mwaka 2006 Naif Al-Mutawa wa Kuwait alitoa kitabu cha picha chenye mashujaa 99, kila mmoja na sifa moja iliyochotwa katika majina mazuri ya Mwenyezi Mungu. Nia yake ilikuwa njema, lakini wanavyuoni walimpinga, nami naona walikuwa na hoja. Yako mambo yasiyokopeka. Mamangu naye, mjukuu alipomtania kwamba Sayyidna Ali ndiye Batman wetu, alimkemea pale pale: "Mtajie radhi, mwanangu! Huyo si wa kuvalishwa kinyago." Mashujaa wa kubuni tuwabuni, lakini majina matakatifu tuyaache mahali pake.

Mfano wa pili ni Kamala Khan, msichana wa Kiislamu wa New Jersey ambaye wazazi wake wametoka Pakistani. Alipewa gazeti lake la picha mwaka 2014, na mchezo wa televisheni mwaka 2022. Waliomtunga ni pamoja na mhariri Sana Amanat, naye mtoto wa Kipakistani wa huko huko, na mwandishi G. Willow Wilson, Mmarekani aliyesilimu. Yapo mambo ndani yake ambayo mzazi wa Mombasa hatayapenda. Lakini msichana yule agombana na mamake juu ya kurudi nyumbani usiku, asikiliza nasaha za sheikh msikitini, na pia ni shujaa. Wala tusisahau kwamba Superman mwenyewe alibuniwa na vijana wawili wa Kiyahudi, watoto wa wahamiaji, katika siku ambazo Wayahudi walikuwa wakisingiziwa kila uovu katika hadithi za watu. Hawakungoja mtu awape shujaa. Waliketi wakamtunga.

Hilo ndilo neno langu la mwisho kwenu, waandishi vijana wa Lamu, Malindi, Mombasa na Vanga. Mna miji yenye vichochoro ambavyo The Shadow angevionea wivu. Mna majahazi, magofu ya Gedi, mahakama za kadhi, bandari yenye siri za mataifa yote, na lugha ambayo yaweza kumficha mtu ndani ya fumbo asionekane. Kopeni kinyago kwa Zorro, kiko kwa Holmes na kofia kwa Indiana Jones, hakuna atakayewadai. Lakini mkifika mahali pa kumweka adui, simameni. Msimchukue yule aliyekwisha kuwekwa tayari na mwingine. Msilipe kisasi kwa kumgeuza kila Mzungu, au kila mtu wa bara, kuwa Achmet Zek wenu. Mtafuteni dhalimu kwa dhuluma yake: mnyang'anyi wa ardhi, mla mali ya yatima, muuza unga awaangamizaye vijana wa mitaa yetu. Hao wana majina ya kila namna.

Na nyinyi wazazi, msiinyang'anye simu kwanza. Ketini mtazame pamoja na watoto, mkiwa na Nyanya karibu.

Jana mpwa wangu alikuja tena kwa mamangu, bila ya kuitwa. Hakuwa na simu. Alikuwa na daftari na kalamu, akauliza yule Rasi l'Ghuli mwisho wake ulikuwaje, kwani juzi usingizi ulimchukua Nyanya kabla hajafika. Mama akajibu kwamba amechoka, arudi kesho baada ya Isha.